Babu Hasikii

Tarehe 3 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Na ya bibi ipo humu humu, mwambie yake ndiyo ya kwanza, ila karatasi ina mwanzo mmoja tu. Sisi wazima. Baba yake mtoto bado yuko na greda lake huko wanakochonga barabara, akirudi mwisho wa mwezi anakuwa na vumbi mpaka kwenye kope, tunamtambua kwa kicheko. Bi Mdogo, kitukuu chako, ameota jino. Ni moja, lakini analitumia kama anayo thelathini na mawili.

Kazini nimerudi. Mtoto anashinda kwa jirani wa ghorofa ya chini, mshonaji nguo, na jioni namkuta na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Umeniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi, kwa sababu umewaambia wenzako kijiweni kwamba mjukuu wako anafuga minyoo wakakuona umeanza kuweweseka. Waambie ni kweli. Ni minyoo wadogo mno, mmoja hazidi koma hii, na miili yao ni myeupe unaona mpaka ndani. Mimi nawapikia. Napika kama uji, naumimina kwenye visahani, unaganda, nao wanaishi juu yake. Mnyoo wa namna hii maisha yake yote ni kama wiki tatu, kwa hiyo daktari wetu anaweza kutazama uzee kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuzeeka mwenyewe. Wakishakula umri wanapunguza mwendo, wanajikunja, wanageuka huku na huku bila sababu. Nikiwatazama kwenye darubini nakukumbuka ukitafuta kandambili zako asubuhi.

Sasa cheka. Daktari huyu wa minyoo, mama mmoja mrefu asiyejua kunong'ona, anawafungia baadhi yao kwenye kabati la kioo na kuwapitishia gesi kidogo sana. Kitabuni inaitwa haidrojeni salfaidi. Sisi tunaiita gesi ya mayai viza, na ukiinusa huulizi kwa nini. Basi wanaoishi ndani ya gesi hiyo wanadumu kuliko wenzao, na ukiwatia kwenye joto linaloua wengine, wao wanavumilia. Kisa chenyewe wataalamu bado wanabishana. Daktari anasema inaelekea mwili ukionjeshwa kero ndogo unashtuka na kujipanga mapema, hata kero kubwa ikija inaukuta uko macho. Nikamwambia basi mimi nitaishi miaka mia mbili, maana mwanangu ananionjesha kero kila saa.

Siku ya kwanza niliyoinusa machozi yalinitoka, na si kwa ukali wake. Ilikuwa harufu ya koti lako la kiwanda cha ngozi, lile lililoning'inia nyuma ya mlango na bibi akilishika kwa ncha ya fimbo. Nimekulia kwenye harufu hiyo.

Ulisema utakuja kumwona mtoto. Jino hilo halitakungoja.

Mjukuu wako,
Chiriku


Tarehe 19 Februari

Chiriku,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Bibi yako amepokea yake ya kwanza na tangu hapo hakamatiki. Mguu wake umetulia. Paa linavuja pale pale, tumeacha kuligombeza, tumehamisha kitanda. Na usinipigie tena kwenye simu ya jirani. Simu nikishaiweka imekwisha, barua naisoma nikitaka.

Hii yako nimeisoma kijiweni kwa sauti, kisha nikairudia kwa waliochelewa. Fundi Chokaa, mwenzangu niliyestaafu naye siku moja, amesimama akapiga makofi. Unajua tumeteseka vipi na harufu hiyo? Kila ngozi iliyopita mikononi mwetu tuliiloweka kwenye madimbwi ya chokaa na ile dawa ya kunyonyoa manyoya, na madimbwi yakipumua, mji mzima unajua tumeingia kazini. Kwenye basi tulikuwa tunapata viti, watu wenyewe wanasimama. Bibi yako alinilaza uani mwezi wa kwanza wa ndoa. Sasa nimemwekea barua yako mbele nikamwambia soma, mume wako alikuwa anajitibu. Akasoma mpaka mwisho, akasema dawa hiyo haikupanda kichwani.

Lakini mimi nimeelewa kitu. Nimefanya kazi pale ujana wangu wote bila kulala hospitali hata siku moja. Nikastaafu, nikakaa kwenye hewa safi, na tangu hapo magoti yanalia na pumzi inakatika nikifunga kamba za viatu. Mnasema uzee. Mimi nasema nilikatiwa dozi.

Kuja nitakuja. Kwa sasa kuna vishughuli. Hivi wewe unakaa ghorofa ya ngapi vile? Ya nne? Naulizia tu.

Babu yako


Tarehe 6 Machi

Babu yangu,

Shikamoo, na bibi shikamoo. Nafurahi mguu umetulia. Huku wazima sana. Jino la pili limetoka na Bi Mdogo amegundua kwamba kijiko kikigongwa juu ya sufuria kinalia, na kikigongwa kwenye paji la uso la mama yake kinalia tofauti.

Barua yako nimemsomea daktari. Amecheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa, akaniambia nikuandikie maneno haya, na mimi naongeza yangu: minyoo si watu. Gesi ile kwetu inapimwa kwa matone ya matone. Kabati lina feni, na karibu na sakafu tumetundika kikengele, kwa sababu ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji. Ikizidi kidogo kikengele kinalia na sisi wote tunatoka mbio, hata daktari na urefu wake. Ikiwa nyingi inaua mtu kwa pumzi chache. Hayo si maneno ya kutishia watoto.

Kwa hiyo usithubutu kwenda kwenye yale madimbwi kujitafutia dozi. Nakufahamu. Nilipokukataza kupanda paa nilikuona jioni ile ile uko juu yake.

Pumzi inayokatika nenda ukapimwe. Zahanati ni karibu kuliko kijiwe. Na mtoto ana

Samahani mstari umeteleza. Kalamu hii mbovu. Nilitaka kusema mtoto ana njia yake ya kusema "ba", na sijui kama ni baba, babu au bakuli. Njoo uamue.

Chiriku


Tarehe 22 Machi

Chiriku,

Marahaba. Kalamu yako nimeiona. Ilisinzia kwenye "ana", ikaburuta mpaka ukingoni mwa karatasi, ikaacha na doa la maziwa. Kalamu ya namna hiyo inahitaji kulala, mwambie mwenyewe. Baba yake mtoto anarudi lini? Hukujibu.

Huku kwema. Paa tumeliziba kwa bati la zamani, sasa linavujia mahali pengine, angalau tumebadilisha mandhari.

Ulichonikataza nimekisoma. Ulisema nisijitafutie dozi, mimi sijitafutii, nimekaa tu. Mlinzi wa geti nilimfundisha kazi kwa mikono yangu, hanizuii. Mimi na Fundi Chokaa tunachukua kibao chetu, tunakaa kando ya dimbwi kubwa, tunacheza bao mpaka mchana. Ni kukaa tu, na hewa haina mwenyewe. Na nakuambia, najisikia mwepesi. Kichwa kinauma kidogo jioni, lakini ndiyo ile kero ndogo mnayoisema.

Jambo moja tu, siku hizi sisikii. Mwanzoni nilikuwa nasikia vizuri kabisa, baadaye kwa mbali, sasa sisikii kitu. Wala hainisumbui. Kwa umri wangu naona ni mapumziko.

Babu yako

Bibi yako hapa, nimechukua kalamu kaenda kuoga. Mwanangu, huyu mtu hasikii. Nimesema asubuhi, nimesema jioni. Hasikii kabisa. Labda wewe.


Tarehe 8 Aprili

BABU YANGU,

SHIKAMOO. NIMEANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI ANAYEKUSOMEA AKUSOMEE KWA SAUTI.

Mkono umechoka, naendelea kwa ndogo. Babu, habari ya masikio imeninyima raha. Wewe unaandika husikii, bibi anaandika husikii, na wote wawili mmeitaja kama mtu anayetaja mvua. Masikio hayafi hivi hivi ndani ya wiki chache. Huenda ni nta tu. Nenda zahanati wakayasafishe kwa maji ya uvuguvugu, na tafadhali usiingize njiti ya kiberiti kama ulivyomfanyia Fundi Chokaa, mpaka leo anageuza kichwa kizima mtu akimwita.

Mtoto amejifunza kupiga makofi. Nilitaka uje usikie makofi hayo, sasa sijui. Nimelia kidogo, halafu nikakumbuka jinsi unavyopiga kelele ukidhani wengine ndio hawasikii, nikacheka.

Na kibao chenu kiondoeni pale. Kukaa ndiko kujitafutia. Kichwa kuuma jioni ndiyo mwili unakuambia ondoka. Sirudii tena.

Baba yake mtoto ameongezewa mwezi. Sisi wazima.

Chiriku


Tarehe 25 Aprili

Chiriku,

Marahaba, na punguza sauti. Nimeifungua barua mbele za watu, ukaanza kunipigia kelele kuanzia kwenye jina langu.

Nani amekuambia habari za masikio? Masikio yangu ni mazima, usiku nasikia panya akifikiri. Niliposema sisikii nilikuwa nasema harufu. Nilidhani mtu anayeshinda na gesi anajua kwamba pua nayo inasikia. Bibi yako yeye anaposema sisikii anamaanisha simtii, hilo ni jambo lingine na ni la siku nyingi, liache.

Basi nimekaa na Fundi Chokaa tukapiga hesabu ya akili. Mwanzoni pale ukingoni tulisikia harufu ya kutosha. Sasa hatusikii, mimi wala yeye. Maana yake nini? Maana yake ya juu tumeimaliza. Lakini wewe mwenyewe uliandika, na nimepigia mstari, kwamba hulala chini kama maji. Kwa hiyo chini bado ipo. Jumamosi ya kwanza ya Mei wanalitoa maji lile dimbwi kubwa, waje kulisafisha Jumatatu. Litakuwa wazi na tupu. Nitashuka kwa ngazi, nitakaa chini pale nivute pumzi chache, nipande. Fundi Chokaa atashika ngazi. Ni mara moja tu, dozi ya kumalizia, halafu sitakusumbua tena na habari hizi.

Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia nikishafanikiwa.

Mbusu Bi Mdogo kwenye makofi yake.

Babu yako


Jumamosi, tarehe 4 Mei

Babu,

Shikamoo, kama upo wa kuipokea.

Barua yako nimeipata leo asubuhi, nikaifungulia kazini huku mtoto yuko mgongoni, mshonaji amesafiri. Nilipofika kwenye maneno yako ya kushuka kwa ngazi daktari akaniuliza nina nini. Nikampa karatasi. Hakucheka. Aliniambia jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kukuandikia na mimi sikulijua, kwa sababu sisi tuna kikengele, hatujawahi kuitegemea pua. Gesi hii inaiua pua kwanza. Ikiwa ndogo unanusa mayai viza. Ukikaa nayo, au ikizidi, pua inazimika, husikii kitu, na wewe unadhani imekwisha. Haijaisha, babu. Pale usiposikia ndipo ilipo. Na chini ya dimbwi tupu imejaa kama maji, ila huyaoni.

Nimekimbilia simu ya ofisini. Jirani yenu hakupokea. Nikatafuta namba ya geti la kiwanda, akashika mlinzi, laini inakwaruza kama mtu anakunja bati, na mtoto analia sikioni. Nikamwambia: mwambie babu yangu kutosikia ndiyo hatari, atoke. Akasema sema tena. Nikasema babu yangu, hasikii, atoke. Akajibu, "Nimekuelewa dada, hasikii," akaenda. Hakuweka mkono wa simu mahali pake. Tangu hapo nikipiga iko bize.

Nimeshawapikia minyoo nikaunguza uji. Daktari amenichukulia mtoto, anambeba kama anabeba chupa. Nakaa naandika kwa sababu sina kingine cha kufanya na mikono.

Kama unaisoma barua hii mwenyewe, ujue nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Naomba uisome mwenyewe.

Chiriku


Tarehe 12 Mei

Chiriku wangu,

Naisoma mwenyewe. Marahaba, mara zote ambazo hujaitikiwa.

Simu uliyoipata kwa jirani Jumapili ilikuambia nipo, na ukalia mpaka mazungumzo yakaisha, kwa hiyo kisa hukukisikia. Kisa ni hiki.

Nilikuwa nimeshashika ngazi. Mguu mmoja ulikuwa ngazi ya tatu, kichwa bado kiko juu ya ukingo. Fundi Chokaa kaikamata ngazi kwa mikono yote miwili na macho kayafumba, sijui alikuwa anaisaidiaje. Mara mlinzi anakuja anakimbia, anapunga kofia.

"Mzee, mjukuu wako kapiga simu. Anasema husikii."

Nikamwambia arudie, maana nilidhani nimekosea.

"Anasema husikii. Amesema mara mbili. Na utoke."

Chiriku, nilipandwa na hasira. Mjukuu niliyemlea, niliyemfundisha kuvaa viatu, anapiga simu kwenye kiwanda nilichokisimamia, kumtuma mtu niliyemfundisha kazi, aje kunitangaza mbele ya Fundi Chokaa kwamba sisikii, kama mtoto wa chekechea. Nikapanda juu. Nikaenda moja kwa moja getini nikupigie nikuambie vizuri nani hasikii. Nikakuta mkono wa simu unaning'inia. Nikawa naugombeza huo huo.

Kwenye kelele hizo akatokea msimamizi mpya, kijana mwenye adabu, akauliza kuna nini. Mimi nikasema hakuna kitu. Fundi Chokaa, ambaye siri kwake haimalizi dakika, akasema kila kitu, mpaka na habari za minyoo. Kijana yule akabadilika rangi. Akaenda ofisini akaja na kikengele kama chenu, akakifunga kwa kamba, akakiteremsha dimbwini taratibu. Hakikufika nusu. Kililia, kikalia, mpaka akakivuta, na kilipofika juu kilikuwa bado kinalia.

Fundi Chokaa akavua kofia yake akaiweka kifuani. Nikamwambia ivae, hakuna aliyekufa.

Dimbwi limefunikwa, na wale wa Jumatatu wakaingia baada ya shimo kupuliziwa hewa, na vinyago usoni. Kwa hiyo kwa kuwa mkaidi nimewaokoa vibarua. Hilo naomba ulitaje unaponigombeza.

Kibao tumekirudisha nyumbani. Naona umenyamaza huko, unangoja niseme niliogopa. Habari za paa ni nzuri.

Babu yako

Bibi yako tena. Alirudi siku ile akaosha vyombo vyote bila kuambiwa, na vilivyokuwa visafi akaviosha. Sasa mimi nitakuambia asichokuambia. Mwezi wa kwanza alikwenda posta, akajaribu ngazi zao aone kama ataweza zenu. Alikaa katikati mpaka mtu akamletea maji. Aliyemletea ndiye aliyenisimulia. Halafu ikaja barua yako ya minyoo wanaovumilia. Hakuwa anatafuta miaka mia, mwanangu. Alikuwa anatafuta pumzi ya kufika ghorofa ya nne.


Tarehe 26 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Bibi, shikamoo yako wiki hii ni kubwa kuliko yake.

Nilikuwa nimeandaa kurasa mbili za kukugombeza. Nimezichana nilipofika kwa maneno ya bibi. Umewaokoa vibarua, nimeshataja, tusonge mbele.

Ungeniambia tu ni ngazi. Nyumba yetu ina vituo vitatu kabla ya mlango wangu. Nimepita kugonga. Mshonaji atatoa kiti chake cha kazi. Wa ghorofa ya pili, fundi saa, atatoa kiti na anaomba mkae akuulize habari za ngozi, anatafuta mikanda imara. Wa tatu ni mwalimu, atatoa kiti na maji, ila atasahihisha Kiswahili chako. Utapumzika kila unapotaka, hata ikichukua asubuhi nzima. Hakuna anayekukimbiza.

Na mimi kuna nisichokuambia. Kalamu haikuwa mbovu. Nachoka, babu. Nasinzia nimesimama, nimeshawahi kumfunga mtoto nepi juu ya suruali. Kila barua naandika sisi wazima kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa. Sihitaji uje kama mgeni. Nahitaji mtu wa kumshika mtoto ili nilale mchana mmoja.

Masharti yangu ni haya, na hapa nasema kama mama wa mtu. Kwanza upimwe kifua na pua, nione karatasi ya daktari. Pili, madimbwi basi, hata kupita karibu. Tatu, bibi aje, maana wewe peke yako njiani utafungua kiwanda.

Daktari wa minyoo anakusalimu. Anasema pua iliyochoshwa na gesi mara nyingi hurudi ikiachwa kwenye hewa safi, ipe muda. Na amenipa habari ya kukufariji kuhusu dozi yako uliyokatiwa. Hukukatiwa. Kila mwili, wa mnyoo na wa mtu, unaitengeneza gesi hii wenyewe, kidogo mno, kwa kipimo chake, na kuitumia kwa kazi zake za ndani. Inafanya nini hasa kwenye uzee wa mtu bado wanatafuta, na yeye hataki kudanganya. Ila hakuna haja ya kuifuata shimoni, anasema. Umezaliwa nayo.

Njoo.

Chiriku


Jumamosi, tarehe 15 Juni, saa tisa mchana

Chiriku,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta salama huko uliko, chumba cha pili. Nakuandikia kutoka sebuleni, mbali nawe kwa ukuta mmoja, kwa sababu nimewakataza watu wote wa nyumba hii kukuamsha na mimi ni mmoja wao. Bibi yako kashuka kwa mshonaji. Usingizi wako unasikika mpaka huku, hilo nalo ni la masikio, si la pua.

Habari za huku ni njema. Ngazi nilizipanda kwa viti vitatu, na cha nne nilikiomba mwenyewe. Fundi saa nimemwahidi mikanda. Mwalimu kanisahihisha mara mbili. Zahanati walisema kifua ni cha mzee mwenye adabu, nisiharakishe, na dawa wamenipa, karatasi iko juu ya friji, umeshaikagua.

Kuhusu pua. Siku zote nilizokaa hapa nimekuwa nambeba Bi Mdogo naweka pua yangu utosini kwake, kwa sababu kila mtu anasema vichwa vya watoto vinanukia. Sikusikia kitu. Sikukuambia. Nilijisemea basi, hilo nimelitupa mwenyewe dimbwini, na nikawa nashukuru kwamba macho yapo.

Leo baada ya wewe kulala tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, anagonga kijiko kwenye goti langu. Akanyamaza. Akanikazia macho, uso ukawa mwekundu, kama mtu anayekumbuka deni. Na baada ya hapo, Chiriku, kwa mbali, kama mtu anayeniita kutoka mtaa wa pili, ikaja. Nikadhani nawaza. Nikainama. Ilikuwa ni yenyewe, mayai viza, koti langu la kiwandani, ujana wangu wote uko pale kwenye nepi.

Daktari wako alisema kila mwili unajitengenezea kidogo. Huyu hajitengenezei kidogo.

Nimembadilisha mwenyewe, nepi iko chini ya suruali inavyotakiwa. Halafu nikampakata, nikaweka pua utosini. Nilikaa hapo sana. Ni maziwa, na sabuni, na kitu kingine ambacho sijui jina lake.

Lala mpaka uamke mwenyewe. Ulinitumia watu na simu na herufi kubwa kuniambia sisikii.

Nimesikia, mjukuu wangu. Nimesikia.

Babu yako